Zamu ya Moshi Nyumbani kwa Kabwe

Walimwita Mama Moshi, na wengi walimwita hivyo kwa kumcheka. Jina alilopewa na baba yake ni Kulthumu, lakini katika mtaa wa Waswahili pale Rumonge, ng'ambo ya ziwa kutoka Kongo, ungeuliza habari za Kulthumu watu wangetazamana kwanza, halafu mmoja angesema, aa, Mama Moshi, yule wa nyumba ya Kabwe, wewe fuata harufu tu. Na kweli alinuka. Kanga zake zilinuka moshi, nywele zake zilinuka moshi, na hata siku za sikukuu, akiwa amejimwagia marashi ya kuomba kwa jirani, moshi ulifika mlangoni kabla ya marashi.

Hakuwa mtu wa kubembelezwa. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyeletwa pwani hii na kazi za Wabelgiji, mama yake mtu wa Uvira, na yeye alizaliwa papo hapo Rumonge, akakulia kwenye mchanga ambako wanawake huanika ndagala, dagaa wa ziwa lile. Aliolewa. Mume akavuka ziwa kwenda Baraka, upande wa Kongo, kuuza chumvi, akapata mke mwingine huko, akakaa. Kulthumu hakulia mbele za watu. Alisema tu kwamba ziwa lina pande mbili na kila mtu achague wake. Mtoto Mungu hakumjalia. Alikaanga ndagala kwa mawese, akauza kando ya barabara iendayo Nyanza-Lac, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko pilipili aliyowapa wateja.

Nyumba iliyompa jina hilo haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani yake, Kabwe, ukuta kwa ukuta, na Kabwe alikuwa mchoraji. Alichora kwa udongo: mwekundu aliufuata mlimani, mweupe aliuchota mtoni, mweusi ulikuwa masizi ya sufuria za watu, na vyote alivikoroga na utomvu wa mti ambao hakumtajia mtu mpaka anaingia kaburini. Alipamba kuta za nyumba za wenzake, maua na mitumbwi, nao walimpa samaki. Hakuwa tajiri na hakuonekana kuutafuta utajiri. Alichotaka Kabwe ni ukuta mpana usio na dirisha.

Ulipokaribia Uhuru, akatangaza kwamba ukuta huo ameupata, ni wa sebule yake mwenyewe, na atachora mtaa mzima. Mzee Hadji, mwalimu wa chuo cha Kurani, akaja kumkataza. Kiumbe chenye roho hakichorwi sura, akasema, na wewe Kabwe siku ya kiyama utaambiwa uvitie roho hivyo ulivyovichora. Kabwe aliogopa kweli, maana alikuwa mtu wa kusali. Akaenda kulala, akaamka na jibu.

"Mwalimu, mugongo iko na sura?"

Mzee Hadji alishika ndevu, akachukua fimbo yake, akaenda. Basi Kabwe akauchora mtaa wote kwa nyuma. Pichani ilikuwa asubuhi ya Uhuru, watu wanateremka kwenda ziwani kwa ngoma, wake kwa waume, na hakuna hata mmoja anayekutazama. Wote wamekupa mgongo. Na hapo ndipo ulipokuwa ufundi wa mtu yule, kwa kuwa kila mmoja alijijua. Idi mvuvi alijulikana kwa bega la kushoto lililoshuka kwa kubeba nyavu. Mariyamu, mke wa Idi, alijulikana kwa mwendo, na Idi alipouona huo mwendo ukutani aliwaambia wanaume wengine wageuze macho. Mzee Hadji mwenyewe alikuwamo, kofia na fimbo, na tangu siku hiyo alipita pale mara kwa mara akisingizia kwamba anamtafuta mtu. Kulthumu alikuwa pembeni na sinia kichwani. Alilalamika kwa sauti kwamba Kabwe amemnyima makalio, Mungu alimpa na Kabwe akampokonya. Kila jioni alipita kujitazama.

Ukuta ule ukawa wa mtaa. Maharusi walipelekwa mbele yake kabla ya kuingia kwa waume zao, na bibi harusi mgeni aliongezwa nyuma ya wengine, mgongo mpya wenye kanga mpya. Mtu alikuwa hajawa mtu wa mtaa mpaka Kabwe ampatie nafasi pale.

Kabwe alikufa miaka miwili baada ya Uhuru, kwa kifua. Ndugu zake wakaja kutoka Kongo kwenye matanga, wakaiona nyumba ya udongo yenye picha za migongo ya watu wasiowajua, wakala pilau, wakarudi kwao. Nyumba ikabaki peke yake.

Mvua zilipoanza, Kulthumu akasikia kitu usiku kupitia ukutani, mchwa wanatafuna miti ya paa. Akaingia asubuhi, akakuta nyasi zimelowa, zimeanza kuoza, na tone moja limeshuka ukutani mpaka kwenye kofia ya Mzee Hadji. Kila mwenye paa la nyasi anajua sababu. Paa linalopikiwa chini yake hukauka na kuwa gumu, mchwa hulikimbia, na linaweza kudumu hata baada ya aliyelijenga kuzikwa. Paa lisilopikiwa hufa. Kulthumu akatoka, akasimama katikati ya njia na kupaza sauti.

"Nyumba ya Kabwe inakufa na njaa! Haijakula moshi! Na ninyi mumelala tu, muko ndani mu ukuta ule, mumesahau?"

Hivyo ndivyo zamu ya moshi ilivyoanza. Nyumba sita zilizokuwa jirani, ya Kulthumu ikiwamo, zilikubaliana kwamba kila asubuhi mmoja wao ataingia kwa Kabwe na kuwasha moto chumba cha nyuma, na kuukalia mpaka upungue, kwa sababu moto usio na mtu hula nyumba. Mlango wa sebule ulifungwa kwa mkeka uliolowekwa maji, masizi yasifike kwenye picha. Hakuna aliyelipwa wala kuandikwa mahali. Anayesahau zamu yake alijua Kulthumu atampitia nyumbani na ule mdomo wake, na ilitosha.

Idi ndiye aliyesahau zaidi. Akija, alikuja na kuni mbichi, moshi ukajaa nyumba nzima, akatoka anakohoa na machozi yanamtiririka, na Mariyamu akamfukuza na kuukalia moto mwenyewe. "Muvuvi anajua maji," Mariyamu alisema. "Moto mumuachie mwanamuke." Idi alikaa nje na kuimba mpaka mkewe amalize. Kulthumu aliwatazama wale wawili kwa furaha na kwa kijicho pia, na kijicho chenyewe hakukificha. "Mungu aligawa wanaume vibaya," alimwambia Mariyamu, wakacheka.

Kulikuwa pia na Vestine, mkulima wa Gatete, Mkristo, aliyekuja mtaani kuuza mihogo. Yeye hakuwamo ukutani. Aliingia kwa Kabwe siku moja kuomba maji, akauona ukuta, akasimama mpaka mihogo yake ikaliwa na mbuzi. Tangu hapo kila kiangazi aliteremka na mizigo ya nyasi kichwani kuziba paa. Kulthumu alimwuliza anapata nini.

"Hakuna, mama. Napenda kuona batu banaenda pamoja," Vestine akajibu, akapanda juu ya paa.

Miaka ikaenda hivyo. Watu wa kwingine husema pafukapo moshi pana moto. Mtaani kwa Kulthumu walisema pafukapo moshi pana mwenyewe, na walimaanisha kwamba nyumba inayofuka haitwaliwi, haivunjwi, haiibiwi, maana mtu yumo. Waliuamini huo msemo, na Kulthumu aliuamini kuliko wote.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili. Kuna mambo ambayo pwani ile mpaka leo haiyasemi kwa sauti, na hata jina lake ni fupi, ikiza, yaani balaa, basi. Mwishoni mwa Aprili walikuja watu wenye mapanga na kuua. Kisha wakaja askari wa serikali, nao wakaua, wakaendelea kuua hata wale wenye mapanga walipokuwa hawaonekani tena. Aliyekuwa na mtumbwi aliusukuma majini. Asiyekuwa nao alimshika mwenye nao.

Kulthumu alikuwa ufukweni siku mtaa wake ulipokimbia. Mariyamu alikuwa amemshika mkono. Idi hayupo, alikuwa ametoka na nyavu kuelekea Muhuta kabla mambo hayajaharibika, na Mariyamu alikuwa akigeuka kutazama kaskazini kila mara akilia. Mguu mmoja wa Kulthumu ulikuwa tayari ndani ya maji alipokumbuka. Asubuhi ile ilikuwa zamu yake. Moto ulikuwa unawaka kwa Kabwe na hakuna mtu.

"Nazima, narudi," akasema.

"Kulthumu, acha!"

Lakini alikwishakimbia. Utasema ni ujinga, na huenda ni ujinga. Miaka minane mtu ameulinda ukuta kwa moto, leo auache moto huo huo uuchome? Alifika, akamwagia maji, akahakikisha kwa mkono kwamba majivu yamepoa, maana hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu. Barabarani bunduki zikalia. Aliporudi ufukweni mitumbwi ilikuwa midogo sana ndani ya ziwa. Hakuwalaumu. Aliketi kwenye mchanga, akaihesabu mpaka wa mwisho ukapotea.

Mtaani walibaki wachache. Mzee Hadji alibaki kwa sababu miguu ilikuwa imemkatalia. Wajane wawili watatu walibaki. Askari walipita, wakawatazama, wakala ndagala za Kulthumu bila kuuliza bei, wakaenda. Kutoka Gatete hakuja mtu na mihogo, wala na nyasi. Kulthumu alimwuliza kila aliyetoka huko habari za Vestine. Kila mmoja aliongeza mwendo, na baada ya muda akaelewa kwamba asiulize.

Kisha akaja bwana mmoja wa komini, yaani ofisi ya serikali ya pale, kutembelea nyumba. Hakuwa mkali. Alivaa koti zuri, alitembea na askari wawili, akisimama mbele ya kila mlango uliofungwa. Nyumba zisizo na watu, alisema, zitapewa watu. Akafika kwa Idi na Mariyamu, akainua macho kutazama paa.

"Hii haina hata moshi," akasema, akapita.

Huenda alisema tu kama mtu anavyosema jua kali leo. Lakini Kulthumu alisimama pale na sinia lake, na neno lile likamwingia. Kesho yake asubuhi, nyumba sita zilifuka moshi, ya Kabwe na tano za waliokimbia.

Aliwasha kwa Kabwe kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na haki ya kwanza. Akakimbia kwa Idi na Mariyamu, akawasha. Akakimbia ya tatu, ya nne, mpaka mwisho, halafu akarudi kwa Kabwe kabla moto haujafifia, akazunguka tena. Mtu mmoja na majiko sita. Kuni zilipokwisha alivunja vichanja vyake vya kuanikia ndagala, akachoma. Alianika kanga za Mariyamu kwenye kamba, akazianua jioni, akazianika tena kesho zikiwa kavu vile vile. Alifagia nyua zote. Bwana wa komini alipopita tena, akauliza.

"Mwenye nyumba hii?"

"Iko shambani, bwana."

"Na hii?"

"Iko mugonjwa, amelala."

"Na ile?"

"Iko ku choo," Kulthumu akasema, na askari mmoja akacheka. Bwana wa komini hakucheka, ila akaenda zake, na Kulthumu akaona ameshinda.

Mzee Hadji alimwita. "Mwanangu, unamdanganya nani?"

"Mwalimu, miye siko nadanganya. Moshi ni wa kweli. Nyumba iko hai mpaka wenyewe warudi, ni hiyo tu."

"Na wasiporudi?"

Kulthumu aliokota kuni zake. Alikuwa na haraka, moto wa nyumba ya nne ulikuwa unazimika.

Na tuseme ukweli, kulikuwa na raha ndani ya kazi ile. Asubuhi, akisha kuwasha zote, aliteremka mpaka ufukweni, akageuka kuutazama mtaa. Mioshi sita ilikuwa inapanda. Kwa mbali ungesema Mariyamu anapika uji na mtaa wote umeamka. Kulthumu alisimama pale na kujidanganya kidogo. Hakuwa na kitu kingine. Kisha alipanda tena kwenda kupuliza.

Asubuhi moja ya kiangazi alikuwa amepiga magoti nyumbani kwa Idi na Mariyamu, anapuliza, mlango ukasukumwa nyuma yake. Aliruka na kijinga cha moto mkononi. Mlangoni alisimama Idi. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, shati si lake, na uso wote unacheka.

"Mariyamu!" akaita, akitazama nyuma ya Kulthumu, kwenye chumba cha ndani. "Amahoro, mama. Mariyamu iko wapi?"

Kulthumu alikirudisha kijinga jikoni, polepole.

"Niliona moshi," Idi akasema. Alikuwa anaongea haraka, hawezi kutulia. Alikimbilia upande wa pili, akasema, alikuwa Baraka, hajui kama mkewe ni mzima au amekufa. Wavuvi waliokuwa wakisogea huku wakamwambia kwamba pale Rumonge, kwa Waswahili, moshi unapanda kila asubuhi, watu wamerudi. Hakuwaamini. Akaomba mtumbwi umlete mpaka karibu, atazame kwa macho yake. "Nikahesabu mapaa toka musikiti. Moja, mbili, ndo yangu hii. Na moshi iko. Nikasema, amerudi. Nani mwingine atawasha moto kwangu?"

Aliyemleta alikuwa amemshusha na kugeuza mtumbwi, akarudi.

"Ni miye, Idi," Kulthumu akasema.

"Ni weye nini?"

"Ni miye nawasha. Zote. Mariyamu alipanda mutumbwi siku ile, walienda upande wa Kigoma. Aliondoka muzima, nilimuona. Hapa hamuna mutu. Ni miye tu nawasha, ili wasitwae nyumba."

Idi aliutazama moto. Akatazama kanga za mkewe kwenye kamba, pale nje.

"Zote?"

"Zote."

"Hata ya Kabwe?"

"Hata ya Kabwe."

Alikaa kwenye kigoda. Hakumkaripia, na Kulthumu angetoa chochote ili akaripiwe. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwake, amebaki mtu aliyechoka anayenyoosha mikono kwenye moto wa nyumba yake mwenyewe. Kulthumu akamshika bega. Akamwambia aondoke sasa hivi, ajifiche kwenye matete mpaka wavuvi wapite, asikae hapa. Idi akasema ndiyo, anakwenda, lakini kwanza apate joto na kitu cha kuweka tumboni, amekuwa ziwani tangu alfajiri. Kulthumu akateleka maji ya uji. Aliukoroga huku akiutazama mlango.

Uji haukuiva. Walikuja bwana wa komini na askari wake wawili. Mtu anayeshuka kwenye mtumbwi asubuhi kweupe huonekana, na nyumba zinazopika pasipo watu kwenda mtoni wala sokoni zilikuwa zimetazamwa muda mrefu. Kumbe hakumdanganya mtu hata siku moja.

"Amahoro," bwana yule akasalimu kwa adabu. "Leo mwenyewe iko."

"Niko," Idi akasema na kusimama.

"Nyumba ni yako?"

"Ni yangu."

"Tunakuhitaji kidogo ku komini. Maneno kidogo tu."

Mwaka ule kila mtu alijua maneno kidogo ni nini, mwanamume aliyeitwa kwa hayo hakurudi. Idi alijua. Alifunga vifungo vya lile shati lisilo lake, kimoja kimoja mpaka shingoni. "Mama, uangalie uji," akamwambia Kulthumu, akatoka.

Kulthumu akawafuata njiani akipiga kelele. Alisema huyu ni mgeni, si mwenye nyumba. Alisema ni mwendawazimu, anaingia nyumba za watu. Alisema nyumba ile haina mwenyewe, haijawahi kuwa na mwenyewe, waitwae, watwae zote, na hii ya Kabwe waibomoe leo leo kama wanataka. Askari mmoja akamsukuma, akaanguka, akainuka, akaendelea. Bwana wa komini alisimama akamgeukia, na hata hapo hakuwa mkali.

"Siku zote unatuambia nyumba ina mwenyewe," akasema. "Leo unasema haina?"

Akamwambia arudi. Askari akakaa katikati ya njia mpaka wengine walipopotea kwenye kona, na Kulthumu hakuweza kupita.

Alipeleka chakula komini. Wakamwambia hawana mtu wa jina hilo. Alipeleka tena, akaambiwa vile vile, na chakula kikabaki kwao. Aliendelea kupeleka hata alipojua kwamba analisha walinzi, kwa sababu mkono mtupu ungemaanisha kwamba amekubali. Mwishowe mlinzi mmoja aliyekuwa na huruma akamwambia kwa sauti ndogo, mama, baki nyumbani sasa. Akabaki.

Alizima mioto yote. Alimwaga maji katika kila jiko, mpaka la Kabwe, mpaka matope yakatokea. Mzee Hadji alikuja kwa fimbo, hatua kwa hatua, mtu aliyekuwa haendi hata msikitini.

"Binti yangu, ile ya Kabwe tu," akasema. "Tupokezane. Mimi nitakaa na moto, wewe lete kuni. Mwezi ujao mvua."

"Apana, mwalimu."

"Itaanguka."

"Ianguke."

Mzee alimtazama sana, akalia, na Kulthumu akamtazama akilia, akashindwa hata kumpa kigoda.

Zile nyumba tano zilipewa watu. Hawakuwa watu wabaya. Walisalimu, walipika, watoto wao walilia usiku kama watoto wote, na mapaa yao yalikauka vizuri kwa moshi. Nyumba ya Kabwe hakuna aliyeitaka. Mwanamke aliyepewa aliingia sebuleni, akawaona watu wale wote wamempa mgongo, akatoka na vyombo vyake akisema hawezi kulala na wafu. Ikabaki bila moshi. Mvua za kwanza zilitoboa paa. Za pili zililiangusha, na maji yakapita juu ya ukuta wenyewe, na kwa siku kadhaa tope lililotoka chini ya mlango lilikuwa na rangi nyekundu na nyeupe, na kuku walilikanyaga.

Usimhukumu Kulthumu haraka. Angeweza kuuokoa ukuta, ndiyo. Kuni zilikuwapo na moto aliujua kuliko mtu yeyote Rumonge. Lakini mwili ulikataa. Hata ndagala zake sasa alizikaanga ndani, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, macho yamemvimba, na bado alitoka mara kwa mara kutazama kama kuna uzi wa moshi unaopenya juu ya paa. Watu walimcheka kwa hilo nalo. Wengi wao walikuwa wageni, hawakujua kwa nini mwanamke asiyeruhusu moshi kutoka anaitwa Mama Moshi.

Mvua za pili zilikuwa zimekatika alipokuja Amissi, mvuvi wa upande wa kusini aliyekuwa akivuka mpaka wa Tanzania kwa siri na kurudi. Alimkuta Kulthumu barabarani na sinia lake.

"Ni weye Mama Moshi?"

"Ni miye."

Amissi akachuchumaa karibu yake, akashusha sauti. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba habari njema kutoka mbali na anataka kuitua.

"Mariyamu wa Idi anakusalimia sana. Iko kambini, huko Tanzania, muzima kabisa. Alisikia kwa wavuvi kwamba moshi unapanda kwake kila asubuhi, akajua ni weye unawasha. Alilia na furaha, mama, nilimuona. Anasema murakoze, murakoze, asante sana, Mungu atakulipa. Na anasema usiache. Mpaka leo hajui Idi iko wapi, lakini Idi ni mutu wa ziwa. Kama anazunguka huko mu maji, siku moja ataona moshi kwake, atarudi nyumbani."

Kulthumu alikuwa na samaki mkononi. Alimtazama yule samaki, akamrudisha kwenye sinia, akamtoa tena.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

Akamwekea ndagala kwenye jani, nyingi, na pilipili. Amissi akala amechuchumaa, kwa njaa ya mtu aliyesafiri. Alipomaliza akajifuta mikono kwenye nyasi, akasimama.

"Nimwambie nini?"

Gari lilipita, vumbi likawafunika wote wawili, na Amissi akangoja mpaka litulie.

"Mwambie nimesikia," Kulthumu akasema.

Amissi akaaga, akateremka kwenda kwenye mtumbwi wake.